Mwanangu, Usikimbilie Kufomati

Mwanangu, mteja akikuletea laptopu akisema, "Tangu niliposasisha Windows, nikiilaza haiamki," muulize kwanza, mikono itafuata. Sasisho liliingia tarehe gani, na tatizo lilianza siku ileile au baadaye? Skrini inabaki nyeusi huku feni inazunguka, au inawaka upya kana kwamba ilizimwa, na kazi aliyoiacha wazi imepotea? Hayo ni maradhi mawili. La kwanza mara nyingi ni draiva ya skrini. La pili, lishuku faili la usingizi, nitakalokueleza hapa chini: halikuandikika sawasawa au halikusomeka.

Mafundi wengi wa rika lako wana jibu moja kwa yote mawili: kupiga windo upya. Linanisikitisha, maana gharama yake haimwangukii fundi. Ndani ya diski ile mna tasnifu ya mwanafunzi, hesabu za duka, picha za mama wa mtu aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Kwa hiyo kabla ya amri yoyote, nakili mafaili kwenye diski ya nje, kisha uyafungue machache mbele ya mwenyewe ayaone. Na kama mashine imelala usingizi mzito (hibernate), usichomoe diski yake ukaiandikia kitu kwenye kompyuta nyingine. Ikirudishwa na kuamka, itaendelea na kumbukumbu ya zamani isiyolingana na yaliyomo, na hapo mafaili huharibika.

Elewa kinachotendeka humo ndani. Katika usingizi wa kawaida RAM huendelea kupata umeme kidogo, ndiyo maana betri huisha taratibu. Katika usingizi mzito, yaliyomo kwenye RAM huandikwa katika faili liitwalo hiberfil.sys, lililofichwa kwenye diski C, kisha umeme hukatwa. Mtu anayeishi na mgao wa umeme na betri iliyochoka anauhitaji kweli usingizi huu, si pambo kwake. Wakati wa kuamka, yaliyoandikwa hurudi kwenye RAM, na draiva ya kila kifaa hutakiwa kukiamsha kiendelee pale kilipoishia. Sasisho likileta draiva isiyopatana na kifaa chake, kifaa hicho kimoja kinatosha kuikwamisha mashine nzima.

Kuna jambo linalowapotosha hata mafundi wazoefu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuna uanzishaji wa haraka: ukizima mashine, kiini cha mfumo huhifadhiwa katika faili lilelile la usingizi. Mteja anayesema amezima na kuwasha mara nyingi huenda amekuwa akirudisha ugonjwa uleule kila mara. Iristati, maana kuristati huanza upya kabisa.

Kisha fungua CMD kwa mamlaka ya msimamizi, uandike powercfg /a. Mashine itakutajia aina za usingizi ilizonazo, na zile isizonazo pamoja na sababu. Isome sababu hiyo yote. Usingizi mzito ukiwa umezimwa, powercfg /h on huurudisha. Ukiwa umewashwa lakini unakwama, uzime kwa powercfg /h off kisha uuwashe tena, ili faili liundwe upya. Hakikisha diski ina nafasi: kwa kawaida kwenye Windows 10 faili hilo huchukua kama 40% ya RAM, yaani takriban GB 3.2 kwa mashine ya GB 8. Wapo wanaolifuta ili diski ionekane ina nafasi, wala hawamwambii mteja alichopoteza. Huo si uaminifu, nawe usiufanye.



Kwenye draiva, jaribu kuirudisha ile ya awali. Kama kitufe cha kuirudisha kimefifia, chukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu hiyo, kwa modeli ileile. Zile programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mpigo mmoja ziache. Ukilazimika kugusa BIOS, mteja awe na ufunguo wa BitLocker mkononi, tarakimu zote 48, la sivyo mnaweza kufungiwa nje nyote wawili. Sasisho kubwa lenyewe linaweza kuondolewa, lakini kwa kawaida ni ndani ya siku 10, ndiyo maana nilikuambia uulize tarehe.

Ukimaliza, fungua waraka, ilaze mashine, chomoa chaja, uiache saa kadhaa ndipo uiamshe. Dakika tano hazitoshi, kwa sababu mashine nyingi hulala kawaida kwanza na kuingia usingizi mzito baadaye zenyewe. Mteja akikuharakisha, mwombe kwa adabu arudi kesho.