Ulizeni Inakula Wapi

Wajukuu zangu, juzi barazani niliwasikia mkibishana juu ya manowari za China, huyu akihesabu makombora, yule akihesabu ndege. Niliwaacha mseme, nikanywa kahawa yangu. Lakini mimi niliyemaliza ujana bandarini, nikifunga kamba za meli za watu, niliona kuna swali hamkuliuliza: manowari ikiwa mbali na kwao, inakula wapi?

Kabla ya Mchina alikuwapo Mjerumani. Naye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza anainukia, akiunda manowari mbio mbio ili amfikie Mwingereza. Mwaka 1914 Königsberg ikatia nanga Dar es Salaam, meli ya kasi yenye mizinga 10. Alfajiri ya Septemba 20 ikaivamia Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, ikiwa imesimama kwa matengenezo, ikaizamisha. Mngekuwapo, mngeapa kwamba bahari hii imepata mwenyewe.

Kumbe tumboni hamna kitu. Waingereza walikuwa wameshayanunua makaa ya mawe katika bandari za Wareno kule kusini ili Mjerumani asipate. Mara mitambo nayo ikaharibika. Meli ikajificha kwenye delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, na vipuri vyake vikaburutwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikaburutwa kurudi. Walioburuta ni watu wetu. Fahari yote ya Kaisari wa Ujerumani ikawa juu ya mabega ya watu ambao hakuna aliyeandika majina yao. Julai 11, 1915 meli ikafia humo humo mtoni. Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, jirani na mzinga wa Pegasus. Nendeni mkauguse.

Mchina hakufanya kosa hilo. Desemba 2008 alipopeleka manowari mbili Ghuba ya Aden kuwakabili maharamia, ya tatu ilikuwa meli ya kubeba mafuta, maji na chakula. Tangu hapo vikosi vyake vinapokezana. Hata hivyo meli moja haiwezi kuwa ghala na karakana, wala baharia hapumziki juu ya mawimbi. Mwaka 2017 akafungua kambi Djibouti, yake ya kwanza ng'ambo. Nchi ile ndogo, yenye jua kali na chumvi, imewapangisha pia Wamarekani, Wafaransa na Wajapani, na kila mmoja anailipa.

Basi nawausia. Msishabikie manowari ya mtu kama Simba na Yanga. Gati, maji matamu, karakana na fundi ndivyo mgeni anavyovifuata, hata awe na mizinga mingapi. Lakini mwenye nyumba asiyejua kodi ya chumba chake, mpangaji ndiye humpangia.

Wale walioburuta vyuma vya Rufiji hawakuulizwa. Ninyi mtaulizwa. Someni ufundi wa meli. Someni sheria za bahari. Na mkataba wa gati ukiletwa mezani, usomeni mpaka ukurasa wa mwisho kabla kalamu haijafunguliwa.

Siku nitakayowakuta mnabishana bei ya gati badala ya idadi ya makombora, kahawa ya baraza zima nalipa mimi.