Kompyuta Iliyofungiwa Kidakani

Kijana wa kisa hiki nimemuumba mimi, lakini mashine yake si ya kubuni. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, pita Kibokoni au vichochoro vya nyuma ya Ndia Kuu baada ya Isha, utazisikia feni za kompyuta kama yake zikilia madirishani. Ni kompyuta kuukuu ya ofisini, iliyokwisha kutumika Ulaya, ikauzwa huku kwa bei ya mtumba, kisha mwenyewe akaitia kadi ya grafiki ili iweze gemu. Usiku kijana alicheza mpira na vita na wenzake. Mchana kompyuta hiyohiyo ilimpa riziki: alikata na kuunganisha video za harusi, za upande wa wanaume tu, kwani za upande wa pili hata angeomba asingepewa.

Kadi yenyewe nayo ilikuwa ya mtumba. Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na soko la dunia likamwagikiwa na kadi zilizokuwa zikikesha kazini mchana na usiku. Kijana alipata moja kwa bei nzuri. Muuzaji hakusema ilikotoka, naye hakuuliza.

Mamake hakuwa na neno na gemu. Neno lake lilikuwa nyaya. “Mwanangu, chumba chote kimekuwa kama nyavu za mvuvi, wageni wakija wataketi wapi?” Basi kijana akaichukua kompyuta akaitia ndani ya kidaka kikubwa cha chini, kwenye ule ukuta mnene wa mawe na chokaa, akashusha pazia mbele yake ili vumbi lisiingie. Chumba kikapendeza. Wakati huo ulikuwa wa kusi, upepo ulitoka baharini ukapita dirishani, na miezi ikaenda bila tatizo.

Kaskazi ilipoingia, mambo yakaharibika. Katikati ya mchezo picha zilianza kukwamakwama, kisha kompyuta ikazimika ghafla kama aliyekatiwa stima. Haikuonyesha skrini ya buluu wala ujumbe wowote. Aliiwasha tena, ikacheza kidogo, ikazimika.

Kitu cha kwanza kulaumiwa Mombasa ni stima, na kijana hakuwa na sababu ya kufikiri vingine. Akanunua stebilaiza. Haikusaidia. Mwenzake mmoja akamwambia ni RAM, akanunua RAM. Mwingine akasema pawa saplai ya kompyuta za ofisini ni dhaifu kwa kadi ya namna ile. Hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, maana saplai hizo ndogo hazikuundwa kubeba kadi zenye njaa. Akanunua saplai kubwa zaidi. Alipochoka kununua akafuta Windows yote akaiweka upya, na siku ile iliyofuata akajiona ameshinda, kwa sababu ilikuwa imenyesha mvua na hewa ilikuwa baridi. Jua lilipotoka, kompyuta ikazimika.

Akaipeleka kwa fundi mjini. Hapa ndipo mahali ambapo wengi hupotea, nami nataka tusimame kidogo. Fundi aliiweka mezani, akafungua ubavu wa kasha kama mafundi wafanyavyo, pangaboi likizunguka juu ya kichwa chake. Akaiwashia gemu, ikacheza kutwa nzima bila kukohoa. “Kijana, mashine yako nzima,” akamwambia, na hakusema uongo. Kijana akairudisha nyumbani, akafunga ubavu, akairudisha kidakani, akashusha pazia. Usiku huohuo ikazimika. Akahitimisha kwamba fundi hajui kazi. Hakuwahi kujiuliza ni kitu gani kilichobadilika kati ya meza ya fundi na ukuta wa kwao, ilhali jibu lote lilikuwa hapo, wala halikuhitaji senti moja.

Hasara kubwa ikaja na harusi. Bwana harusi alitaka video kabla ya kusafiri. Kijana alikuwa akiihifadhi kazi ya mwisho pale kompyuta ilipozimika, na faili la mradi likaharibika lisifunguke tena. Picha ghafi nazo zilikuwa kwenye diski ileile, nusu zikisomeka, nusu hazisomeki, na kadi ya kamera alikwisha kuifuta ili aitumie katika harusi nyingine. Alirudisha arubuni. Video ya siku ile haipo tena, na arubuni hairudishi hilo.

Ami yake alikuwa amestaafu kazi ya mitambo ya baridi melini. Hakujua gemu ni nini, wala hakutaka kujua. Alikuja kusabahi, akasikia malalamiko, akauliza: “Ikizimika ukaiwasha papo hapo, hukaa muda gani?”

“Mara ya kwanza hukaa hata saa nzima, Ami. Nikiiwasha tena papo hapo, dakika kumi haifiki.”

“Na ukiiacha mpaka asubuhi?”

“Hukaa saa nzima tena.”

Mzee akasogeza pazia, akatia mkono kidakani juu ya kasha, akautoa upesi. “Stima haina kumbukumbu,” akasema. “Joto linayo. Mashine yako inavuta pumzi yake yenyewe.”

Mzee alisema kweli. Kompyuta ikila wati 300 kutoka ukutani, karibu zote hugeuka joto, na joto hilo halitoweki. Feni hulihamisha tu kutoka ndani ya kasha kwenda nje. Nje ikiwa ni tundu la ukutani lenye pazia, hewa ya moto iliyotolewa nyuma huzunguka ikaingia tena mbele. Kila duru inaongeza. Prosesa nyingi za siku hizi zikikaribia nyuzi 95 au 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi zenyewe, na huko ndiko kukwamakwama alikokuona kijana. Joto likizidi hapo, mashine hujizima ili isiungue. Ule ulikuwa ulinzi ukifanya kazi yake, na kijana aliudhani ugonjwa.

Pia kuna jambo ambalo majaribio ya kadi tunayoyatazama kwenye video hayatuambii. Mengi hufanywa katika vyumba vya nyuzi 20 au 21. Mombasa, Februari na Machi, mchana hufika 32 au 33. Feni haiwezi kupoza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayopulizwa, kwa hiyo zile nyuzi 11 hadi 13 za ziada hupanda nazo mpaka kwenye prosesa. Mashine inayokaa 78 kule, kwetu itakuwa karibu 90 kabla hujaitia kidakani. Ajabu ni kwamba waliojenga nyumba za Mji wa Kale walilijua somo hili vizuri kabisa: dari zilizo juu, madirisha yanayotazamana, ua wa ndani unaopandisha hewa ya moto juu. Kijana aliishi ndani ya jibu akaiweka mashine mahali pekee pasipopitiwa na upepo.

Walipofungua kasha wakakuta tatizo la pili. Vumbi la kisiwani si vumbi kavu la bara. Chokaa inayomeng’enyuka kutoka kuta za kale, chumvi ya hewa ya bahari inayovuta unyevu, na moshi wa udi na ubani wa kila Alhamisi jioni, vyote vilikuwa vimegandamana katikati ya mapezi ya kipoza joto mpaka mwanga haupiti. Blowa peke yake haikutosha. Ilibidi brashi, na kushika mapanga ya feni kwa kidole yasizungushwe na upepo wa blowa yakaharibika. Pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza joto ilikuwa imekauka ikawa kama unga. Wakaipangusa kwa spiriti safi, wakaweka mpya kiasi cha punje ya dengu. Kadi ya mtumba, ambayo kijana alikuwa ameanza kuilaani, ilikuwa nzima.

Angeweza kuyajua yote haya mapema. Programu ya bure kama HWiNFO ingemwonyesha joto la prosesa na la kadi wakati gemu inaenda. Akiona namba inapanda mpaka karibu 100 kisha kompyuta inazimika, shauri limekwisha. Kama ingezimika ikiwa kwenye 60, hapo ndipo pa kuishuku saplai au stima. Skrini ya buluu yenye msimbo ingempeleka kwenye RAM au madereva, na gemu inayojifunga peke yake huku kompyuta ikibaki hai, mara nyingi ni gemu yenyewe au dereva wa kadi. Lile tukio namba 41 inaloandika Windows kwenye daftari lake, ambalo vijana wengi hulisoma kama hukumu ya saplai, husema tu kwamba mashine iliwashwa tena bila kuzimwa kwa utaratibu. Halitaji sababu.

Kuna kipimo kingine kisichotaka hata programu: fungua ubavu wa kasha, litoe mahali wazi, ucheze. Joto likishuka sana, kasoro ni njia ya hewa. Lisiposhuka, angalia vumbi la kipoza joto na pesti.

Stebilaiza, RAM na saplai bado anazo. Saplai kwa uchache ina kazi. Kompyuta sasa iko juu ya meza mkabala na dirisha, mgongo wake mbali na ukuta, na nyaya zimefungwa kwa vibanio ili mama aridhike. Kazi za harusi huziweka kwenye diski mbili kabla ya kufuta chochote.

Kaskazi hurudi kila mwaka mnamo Desemba. Wewe mwenye kompyuta kabatini, chini ya meza yenye mlango au nyuma ya pazia, washa gemu yako leo usiku, weka kipimo cha joto pembeni mwa skrini, na ukaisome hiyo namba kabla hujaenda dukani.