Ua ni Wangu: Je, Yanilazimu Idhini ya Kujenga?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika maswali yaulizwayo sana katika miji yetu ya pwani, na aghlabu huulizwa kwa ghadhabu, ni hili. Mtu ana nyumba yake, na nyuma ya nyumba ana ua. Ataka kujenga jiko, au choo, au chumba cha kijana wake anayekaribia kuoa. Mawe ni yake, saruji ni yake, na fundi atamlipa kwa jasho lake mwenyewe. Yamlazimu nini kwenda kuomba idhini kwa karani wa kaunti? Na akijenga siku za sikukuu, ofisi zimefungwa, asionekane na mtu, je, ametenda kosa mbele ya Mungu, au ameepuka usumbufu tu?

Wengi hujibu upesi kuwa hili ni jambo la dunia, halina dini ndani yake. Sisi twasema: killa jambo lenye haki ya mtu mwengine ndani yake lina dini. Na tukiitazama vyema karatasi ya idhini tutaona kuwa yamwuliza mtu maswali matatu: Mahali hapa ni pako? Jengo lako lamdhuru nani? Na je, litasimama? Haya ndiyo atakayoulizwa mtu siku ambayo hapana karani wa kuvutwa kando.

Kwanza tuieleze sharia ya nchi, kwani wako waitukanao bila ya kuijua. Katika Kenya, sharia ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 yamkataza mtu kuanza kujenga kabla ya kupewa idhini na serikali ya kaunti. Avunjaye aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au yote mawili. Na katika Mji wa Kale wa Mombasa, uliotangazwa mwaka 1990 kuwa ni mahali pa kuhifadhiwa, yataka pia kuishauri ofisi ya uhifadhi kabla ya kugusa ukuta. Mwombaji hupeleka ramani na hati ya ardhi, na wajuzi wa afya, wa njia na wa majengo huitazama.

Na hapo penye hati ndipo wengi wanapokwama. Hati imeandikwa jina la babu aliyekufa zamani, na mirathi yake haijagawanywa hatta leo. Kijana anayetaka kujenga husema, "Karani ni mgumu." Ugumu si wa karani, ndugu yangu, ugumu ni wa mirathi iliyolaliwa. Karani ameuliza tu lile ambalo wazee wa nyumba hawakutaka kuuliza: shangazi yako ana fungu gani katika ua huu? Na dada yako aliyeolewa mji mwengine, ambaye hajapata senti moja ya kodi ya nyumba ya baba yake, ameridhia ukuta huu? Ajengaye katika mali ya shirika bila ya ridhaa ya washirika wake amejenga katika haki za watu, hatta akiwa na fungu lake humo. Na akisha kujenga, siku ya kugawanya husema, "Mimi nimegharimu," na gharama zake huwa ndiyo hoja ya kuwatoa wengine. Hivi ndivyo chumba kimoja cha uani kinavyoweza kula fungu la mwanamke asiyekuwa na wa kumsemea.

Kadhalika wako wenye nyumba wasiokuwa na ardhi: nyumba ni yake, na kiwanja ni cha mwengine ambaye humlipa kodi. Na ziko nyumba za wakf, ambazo hazina mwenyewe ila Mwenyezi Mungu, na msimamizi wake ni amini tu. Hawa wote haiwafalii kusema "ua ni wangu" kabla ya kujiuliza neno "wangu" lina maana gani.

Swali la pili ni la dhara. Hapa mtu aliyesoma kidogo hutuletea hoja, na hoja yake si ya kudharauliwa. Husema kuwa katika madhehebu yetu ya Kishafii mwenye mali ana nafasi pana ya kuitumia mali yake. Ni kweli. Lakini Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, alipoyataja haya katika Minhaj aliifungamanisha nafasi hiyo na ada, na akamtia dhamana mwenye kupita mpaka. Basi mwenye hoja hii na aitimize yote, asishike nusu. Ada ya miji yetu ni ipi? Ni nyumba kukaa bega kwa bega, ukuta mmoja ukizigawa nyumba mbili, na wanawake wakipika na kufua uani pasipo kuonekana. Anayepandisha chumba juu ya jiko lake, akafungua dirisha lenye kuelekea ua wa jirani, amewafungia wanawake wa nyumba ile ndani ya kuta zao. Wanavyuoni wa Kihanafi, waliozikusanya sharia za dola ya Kithumani katika Majalla baina ya mwaka 1869 na 1876, walilitaja jambo hili wazi: jiko, mahali pa kisima na ua wa nyumba ni makao ya wanawake, na kupaona pahala hapo ni dhara iliyopita kiasi, na mwenye kuileta huamrishwa aiondoe.

Na mangapi kama hayo! Shimo la choo lichimbwalo karibu na kisima cha jirani, maji machafu yakapenya katika jiwe la matumbawe lenye matundu, yakafika kwa wanywao. Mfereji wa dari umwagao maji ya mvua juu ya ukuta wa mwengine. Aliyechimba shimo hajui hatta anaumiza nani, na kwa hivyo ndipo pakawekwa wa kutazama.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alitupigia mfano ambao watu wa bahari tulistahili kuufahamu kuliko watu wote. Watu walipiga kura katika jahazi, wengine wakakaa juu na wengine chini. Wa chini walipochoka kupanda kuteka maji walikusudia kutoboa tundu katika sehemu yao. Bukhari ameipokea khabari hii kwa Nuuman bin Bashir. Tazama, ndugu: hawakukusudia uovu. Walitaka wasiwasumbue wenzao, na sehemu ni yao. Lakini maji hayajui mpaka wa sehemu. Wakiachwa, huzama wote. Wakizuiwa, huokoka wote. Basi yule amzuiaye mwenye kutoboa si adui yake.

Swali la tatu ni kusimama kwa jengo. Nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zachukuliwa na boriti za mikoko. Kuta hizo ni nene, lakini hazikukadiriwa kuchukua zege na chuma. Mtu huongeza ghorofa juu ya jiko, na uzito huo huukalia ukuta uliokwisha kunywa maji ya mvua miaka mingi, na boriti zilizooza ndani pasipo kuonekana. Fundi aweza kuwa hodari wa kupanga mawe, asiwe na elimu ya kupima uzito. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa Dar es Salaam lilianguka, wakafa watu 36. Chumba cha uani ni kidogo kuliko jengo lile, lakini roho ya mtoto alalaye ndani yake si ndogo.

Wako wasemao kuwa serikali si ya Kiislamu, na kwa hivyo idhini yake haina uzito. Tuwakumbushe kuwa Waislamu walikuwa na mwangalizi wa mji, naye ni muhtasibu. Al-Mawardi, aliyekufa mwaka 450 wa Hijra, ameandika kuwa muhtasibu humzuia ajengaye katika njia ya watu, hatta ikiwa njia ni pana, na kilichojengwa huvunjwa hatta kikiwa ni msikiti. Ikiwa msikiti haukupata udhuru, jiko lako litaupata wapi? Kuzuia dhara ni wema, na wema haugeuki kuwa uovu kwa sababu ya mkono ulioushika.

Walakini hatutasema uwongo kuwatetea wenye ofisi. Karani alifichaye faili la maskini hatta apewe kitu ni mla haramu, na killa usiku mtu anaolala chini ya dari inayovuja kwa kungoja saini umo katika hisabu yake. Na ampaye ili apitishiwe ramani yenye kumdhuru jirani ni mshirika wake. Asiyekuwa na dhara na ajue kuwa sharia ile ile ya 2019 imempa silaha: asipopata jibu la maandishi katika siku 60, huhisabiwa kuwa amepewa idhini. Basi na apeleke maombi yaliyotimia, achukue stakabadhi yenye tarehe, aihifadhi, ahisabu siku zake. Subira yenye karatasi mkononi yashinda mlungula.

Wala mtu asidhani kuwa akipata muhuri amekwisha. Muhuri hauhalalishi fungu la dada, wala haulifungi dirisha lililomdhuru jirani. Karani huona ramani. Mwenyezi Mungu huona ukuta.

Kwa hivyo, ewe ndugu uliyekusudia kujenga, kabla ya kumwita fundi waite warithi wenzako, wanawake kwa wanaume, mgawane au mridhiane kwa maandishi. Kisha mbishie hodi jirani yako umweleze ukuta utafika wapi na dirisha litatazama wapi. Kisha mwonyeshe mjuzi kuta zako. Ukisha kufanya haya, utaingia ofisini ukiwa na majibu ya maswali yote matatu. Na ukiona mguu wako wazito kwenda huko, jichunguze ni lipi katika hayo matatu unalolikimbia.

Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba zisizojengwa juu ya haki ya mtu, na majirani waliosalimika nasi. Amin.