Haki ya Mtumishi Haigeuki Sadaka



Katika Ramadhani iliyopita alinijia tajiri mmoja wa duka hapa Mombasa, baada ya sala ya tarawehe, akaniuliza suali ambalo mpaka leo halijanitoka moyoni. Alikuwa na mtumishi aliyemfanyia kazi miaka 19, akifungua duka asubuhi na kulifunga usiku. Mtumishi huyo akapatwa na maradhi ya figo. Tajiri akampa shilingi 40,000 za matibabu pamoja na gunia la mchele. Sasa ataka kujua: je, yafaa fedha hizo azihesabu katika zaka yake ya mwaka?

Nikamuuliza, "Huyu mtu hakudai kitu?" Akanyamaza. Nilipomdadisi ikadhihiri kwamba kila mwisho wa mwezi alikuwa akimkata mshahara kwa jina la akiba ya uzeeni na bima ya matibabu, na miezi mingi fedha zile hazikufika zilikotakiwa kupelekwa. Biashara ilikuwa mbaya, asema, akazizungusha katika kununua mali ya duka. Mtumishi hakuwa na khabari hata alipolazwa, akaambiwa kuwa michango yake haikulipwa.

Nilimjibu kama walivyotufunza wanavyuoni wetu: pesa moja hailipi madeni mawili. Ikiwa umempa kwa kumrudishia uliyomzuilia, umelipa baadhi ya deni, na zaka yako ingali shingoni mwako. Na ikiwa umempa kwa niya ya zaka, naye ni maskini astahiliye, basi ni zaka, na deni lake liko pale pale. Zaka ni haki ya Mwenyezi Mungu katika mali yako. Ujira ni haki ya mja juu yako. Na fedha uliyoikata katika mshahara wa mtu haikuwa mali yako hata siku moja. Ni amana, na aitumiaye amana bila ya idhini ya mwenyewe twamjua aitwaje.

Hakupendezwa na jawabu hili. Akaniambia kuwa mimi nasema maneno ya wanasiasa.

Naam, jambo hili limeingiwa na siasa, wala hatuwezi kulikimbia kwa sababu hiyo. Mfuko wa akiba ya uzeeni, NSSF, uliwekwa nchini Kenya mwaka 1965, na ule wa hospitali, NHIF, mwaka 1966. Kwa muda mrefu mtumishi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi kwa ajili ya uzee wake, na tajiri akaongeza 200. Sheria ya mwaka 2013 ikaja kuzidisha, ikapingwa mahakamani; Mahakama ya Ajira ikaibatilisha Septemba 2022, na Mahakama ya Rufaa ikatengua hukumu hiyo Februari 2023. Kesi haikuishia hapo, ila makato yakaanza: asilimia 6 kwa mtumishi na 6 kwa tajiri, kwa mipaka iliyowekwa. Kisha ikaja asilimia 1.5 ya nyumba kwa kila mmoja wao, na tangu Oktoba 2024 asilimia 2.75 ya matibabu, ambayo hutoka kwa mtumishi peke yake. Watu wakagawanyika mapande mawili, hata katika barza zetu za kahawa.

Pande moja lasema: mshahara ni wa mtu, apewe wote mkononi, ajiwekee mwenyewe, tajiri si baba yake. Pande la pili lasema: tajiri amekula nguvu za mtu, hana budi kumtazama akiugua na akizeeka, na serikali imshurutishe.

Wa kwanza wana ukweli wao. Mtume (S.A.W.) alimsifu mtu achukuaye kamba yake akakata kuni akauza, kuliko anyooshaye mkono kuomba. Na wasiwasi wa watu juu ya wasimamizi wa mifuko haukuzuka bure. Ni haki yetu kuwataka hesabu. Lakini mtu hajitegemei kwa kitu alichonyang'anywa. Wasemao mtumishi ajiwekee, na waangalie kwanza kama wamempa cha kuweka.

Wazee wetu waliofanya kazi ya ukuli Kilindini waliyajua haya. Kibarua wa siku akiamka na homa, siku hiyo hakuwa na senti. Maelfu ya wafanyi kazi wa mji huu waligoma Januari 1947 kwa sababu ya ujira mdogo na maisha ghali. Leo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamwajibisha mwajiri ampe mtumishi nyumba ifaayo au fedha ya kodi, na amwangalie akiugua. Na akiachana naye asiyekuwa katika mfuko wa akiba, kuna malipo yake kwa kila mwaka aliomtumikia. Wazee waliyaita malipo ya namna hii kiinua mgongo, na jina hilo latosha kueleza: mgongo uliinama kwa ajili ya nani?

Na kabla ya sheria hizi tulikuwa na khabari ya watu watatu waliozibwa na jabali pangoni, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Mmoja wao aliomba kwa amali hii: aliajiri vibarua, akawalipa wote isipokuwa mmoja aliyekwenda zake akaacha ujira wake. Yule mtu hakuula. Aliufanyia biashara hata ukawa ngamia na ng'ombe na mbuzi. Siku mwenyewe aliporudi kudai ujira wake, akaambiwa wote hawa uwaonao ni wako. Akadhani afanyiwa mzaha. Kisha akawaswaga wote, hakubakisha hata mmoja. Tajiri wetu naye alizungusha ujira wa mtumishi katika biashara, miaka mingi. Tafauti ni nani aliyeichukua faida.

Wala mtumishi hakuachwa huru. Wako wamwambiao tajiri, "Usiniandikishe, nipe zote mkononi," wakashirikiana naye kuficha. Kisha siku ya maradhi wamlaumu peke yake. Na wako wachukuao ruhusa ya ugonjwa wakenda kufanya kibarua pengine. Saa ulizoziuza ni za aliyezinunua, na kuziiba ni kuiba. Lakini tusiwapime sawasawa: mmoja ana daftari na kalamu, na wa pili aogopa kuuliza asije akafukuzwa.

Nami nikiandika haya nimekumbuka madrasa ambayo mimi ni mmoja wa kamati yake. Walimu wetu hufundisha watoto wenu kutwa, na tulikuwa tukiwapa tunachokiita posho, kwa hoja kwamba thawabu zao ziko kwa Mola wao. Hakuna hata mmoja tuliyemwandikisha katika mfuko wowote. Nilipolileta jambo hili katika mkutano, mzee mmoja akasema tutawasaidia wakiugua, kwa mchango baada ya sala ya Ijumaa. Nikamwambia hilo ndilo jawabu la yule mwenye duka. Tumekubaliana kuanza na walimu wawili walio wakongwe zaidi, na ada ya wanafunzi itapanda shilingi 50. Wazazi wajue sababu yake.

Ama yule tajiri, siku ile aliondoka bila ya kuaga. Mwezi wa Mfungo Pili akanijia nyumbani na daftari zake ndani ya mfuko wa karatasi. Tuliketi varandani tukihesabu miezi aliyokata asipeleke, mmoja mmoja, mpaka ikaadhiniwa alasiri, wala hatukuwa tumefika nusu.