Mshauri Aliye Mbali

Mama mmoja kijana wa usharika wetu hapa Ipyana alimzika mtoto wake, kisha akakaa miezi bila usingizi. Hakuja kwa wazee wa kanisa. Alimpata mshauri nasaha wa Dar es Salaam kwa simu, wakawa wanazungumza kila juma, yeye ameketi kwenye shamba la kokoa ambako mtandao unashika. Ameturuhusu kulisema hili bila jina lake.

Tulipojua, tuliudhika. Je, sisi hatutoshi? Au imani yake imepungua?

Lakini tujiulize kwa haki: angekuja, tungemfanyia nini? Tungeomba naye, ndiyo. Tungemwuliza pia kama amekosea wapi, na kabla ya Jumapili habari ingekuwa imefika soko la Kyela mjini. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila neno. Walianza kumwumiza walipofungua vinywa. Sisi tunaanzia hapo kwenye vinywa. Na Ipyana, kwa Kinyakyusa, maana yake ni neema!

Hatusemi kila anayejiita mshauri mtandaoni aaminiwe. Aulizwe amesomea wapi. Tena bando huisha katikati ya machozi, wala simu haimtekei mtu maji.

Juzi mama huyu alituomba tusimtaje katika maombi ya hadhara. Tumekubali. Mchele tunaendelea kumpelekea, na tukifika kwake tunaketi.