Ushahidi Juu ya Nafsi

Kijana aliyehitimu usanifu majengo, anapoketi kuandika wasifu wake ili aombe kazi, hujikuta ametakiwa kutenda jambo ambalo malezi yake yote yalimkataza, nalo ni kujisifu. Maana tangu chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani alifunzwa kwamba mja haitakasi nafsi yake, na nyumbani akaambiwa kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Je, karatasi ile ni riya iliyohalalishwa na haja ya riziki?

Mimi nasema siyo, na hoja yangu naitoa katika kisa cha Nabii Yusuf, alayhi salaam, ambaye alipotolewa gerezani na kusimamishwa mbele ya mfalme wa Misri aliomba kwa kinywa chake awekwe juu ya hazina za nchi, akataja sifa zake mbili tu, ya kuhifadhi na ya kujua. Wanavyuoni wameshika hapo kwamba yajuzu mtu kuitaja sifa yake pale penye haja, maadamu ni kweli. Lakini kinachonishughulisha mimi zaidi ni uchache wa sifa zenyewe. Miaka saba ya neema ilikuwa mbele, na saba ya njaa nyuma yake, na kazi ile haikutaka illa mtu mwaminifu asiyepoteza punje, ajuaye kupima na kuweka. Basi uzuri wa sura yake, ambao kwa ajili yake wanawake wa mjini walijikata mikono, hakuutaja, wala nasaba yake ya mitume.

Wasifu, basi, ni ushahidi, na shahidi ni yule yule mwenye maslahi, kwa hiyo dhima yake ni nzito. Uzito huo huzidi kwa msanifu, kwa kuwa jengo si la mtu mmoja. Katika mihirabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, mna maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, yanayomtaja aliyeamuru msikiti ujengwe. Ama waliokata matumbawe yale baharini na kuyachonga yangali laini, majina yao hayakutufikia. Kila atakayeandika leo kwamba “nilijenga” hana budi kuwakumbuka watu wa namna ile.

Katika miaka niliyokaa nikisoma maombi ya kazi, alinijia kijana aliyeandika kwamba amesanifu hospitali ya ghorofa nne. Nilipomuuliza ni sehemu gani hasa iliyotoka mkononi mwake, alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba alichora ngazi ya nyuma. Nikamwomba anieleze ngazi hiyo. Akaeleza jinsi vidato vyote vinavyopaswa kuwa na kimo kimoja, kwa sababu mguu hukipima kidato cha kwanza na kuviamini vilivyosalia. Jinsi alivyopanua mapumziko ya ngazi ili watu wanne waliobeba mgonjwa kwa machela waweze kugeuka. Na jinsi boriti ilivyomlazimisha kuichora upya, kwani mtu mrefu angeligonga kichwa. Hayo yote, yaliyokuwa kweli na yaliyokuwa yake, hayakuwamo katika wasifu wake. Aliyaficha ili apate nafasi ya kuandika hospitali nzima.

Tangu hapo kila anitakaye shauri humwambia aandike kurasa mbili, si zaidi, na kwa kila kazi ataje jengo ni la nini na lina ukubwa gani, yeye aliingia katika hatua ipi, kama ni michoro ya awali, michoro ya kazi au usimamizi wa ujenzi, na ni nani aliyekuwa juu yake. Michoro aambatanishe michache, ile tu awezayo kuulizwa mstari kwa mstari.

Mnamo 1482 hivi, Leonardo da Vinci alitungiwa au alitunga barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, na rasimu yake ingali imehifadhiwa mjini humo. Yeye aliyefunzwa katika karakana ya wachoraji na wachongaji alitanguliza madaraja ya vita, mizinga na magari ya kivita, na usanifu wa majengo akauweka mwishoni, kwa siku za amani. Mpangilio huo ulimfaa mwombwa, lakini singeliuona kuwa wa insafu lau hangalimaliza kwa kusema kwamba likionekana lolote kuwa muhali, yu tayari kulijaribu mbele ya mtawala, mahali atakapo. Ajitoaye kujaribiwa namna hiyo hajifichi nyuma ya maneno yake.

Yule kijana alirudi baada ya wiki mbili na karatasi nyingine. Penye hospitali palisomeka hivi: ngazi ya nyuma, ghorofa nne, chini ya msanifu mkuu, nilichora mara tatu, na uliojengwa ni mchoro wa tatu.