Karata Iliyofichwa na Tundu la Darini

Je, mtu amfichaye mwenziwe karata alizo nazo, akamwacha akisie vibaya hata ashindwe, amemdanganya? Swali laonekana dogo, tena la mchezo tu. Lakini atakaye kulijibu vema hana budi kujua kwanza uongo ni kitu gani, na hapo wengi hukwama.

Tuutazame mchezo uitwao gin rummy. Yasimuliwa kwamba ulitungwa New York mwaka 1909 na Elwood Baker, na kwamba mwanawe ndiye aliyeupa jina hilo la kileo, jambo lisilotuhusu leo. Katika miaka ya 1930 na 1940 ulipendwa mno na watu wa sinema wa Hollywood. Huchezwa na watu wawili kwa karata 52, kila mmoja akigawiwa 10. Kwa zamu yake mchezaji huokota moja, ama kutoka rundo lililofunikwa ama ile iliyotupwa wazi, kisha naye hutupa moja. Hutafuta kuunganisha karata tatu au zaidi: saba tatu, kwa mfano, au tano, sita na saba za kopa. Zisizoungana ni mzigo. Mzigo ukifika pointi 10 au pungufu, aweza kugonga meza na kuikomesha duru.

Hila yake ni hii. Mchezaji ana saba ya kopa na saba ya pau, naye aitamani saba ya shupaza. Basi aitupa nane ya shupaza aliyo nayo. Mwenziwe aiona, ajisemea moyoni kwamba huyu hana haja na shupaza za jirani ya nane, naye aitupa saba yake bila hofu. Amenaswa.

Wako wasemao kwamba huo ni uongo wa matendo. Mimi sikubali. Uongo humdhulumu mtu aliye na haki ya kutazamia kweli, na hapa hakuna aliyeahidiwa kweli. Wote wawili waliketi wakijua kwamba karata itupwayo si ushuhuda. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alipouliza kama ni halali kuvizia vitani, alitenga mambo mawili: kumficha adui shauri lako, jambo alilolikubali, na kumwambia uongo au kuvunja ahadi uliyompa, jambo alilolikataa hata kwa adui.

Sasa tuende Beverly Hills, California, kwenye klabu iliyoitwa Friars, katika miaka ya 1960. Watu wenye fedha nyingi walicheza gin rummy hapo, miongoni mwao mchekeshaji Phil Silvers. Juu ya meza zao dari ilikuwa imetobolewa. Mtu alijificha huko juu, akachungulia karata za mchezaji, akapeleka ishara kwa mitambo ya umeme kwa mshirika wake aliyeketi chini, akiwa amevaa chombo cha kuzipokea mwilini. Mambo yalifichuka mwaka 1967, na mwaka 1968 mahakama ya Los Angeles iliwatia hatiani wahusika.

Angalia jambo la ajabu: pale mezani halikuhitajika neno hata moja la uongo. Mwizi aliweza kunyamaza tangu mwanzo hata mwisho. Kama dhambi ya udanganyifu ingekuwa katika maneno tu, mtu yule angekuwa safi kuliko mchuuzi wetu wa sokoni. Lakini alivunja agano lililowaketisha wote. Mwenziwe alikubali kushindwa na bahati, akakubali kushindwa na akili. Hakukubali kushindwa na tundu. Tena yule mwizi hakucheza kamwe, kwa kuwa hakuhatirisha kitu.

Lipo shauri gumu zaidi. Mchezaji mnyofu, bila kukusudia, aona karata za mwenziwe ambaye amezishika kizembe. Hakutoboa dari. Afanyeje? Kunyamaza kulikuwa halali dakika moja iliyopita. Sasa kumegeuka, maana anakaa na tundu lake mwenyewe. Naona yampasa kusema, "Ndugu, inua karata zako," kabla hajaokota nyingine. Na zile alizokwisha kuziona? Macho hayaamriwi kusahau. Basi azitaje waziwazi, kisha waamue pamoja kama karata zigawanywe upya.

Mzee mmoja, jirani yangu, aliyezeeka na karata mkononi, asema nimezidi ukali: asiyelinda karata zake na alipe. Namwuliza kama angesema hivyo fedha iliyo mezani ingekuwa ya mwanawe. Hunijibu kwamba mwanawe amefundishwa kushika karata. Tungali tunabishana.